Dawa ya kupenda kazi: historia ya methamfetamini na yale inayofanya mwilini



Wiki hii zamu ya kuandika historia ni yangu. Nilikuwa nimeahidi kuandika juu ya reli za zamani, lakini nimebadilisha, mtanisamehe. Kuna jambo limetokea kijijini kwetu hapa kambini na tangu siku ile sijaweza kuandika kitu kingine.

Kijana mmoja wa hapa amefungwa kamba. Simtaji jina, kwa sababu mama yake ni mama yetu sote. Alikuwa anaenda mjini kupakua malori usiku, asubuhi anarudi na pesa kidogo ya sabuni na ya ada ya mdogo wake. Halafu akaanza kutolala. Siku ya tatu hakulala, siku ya nne akasema kuna polisi wamejificha ndani ya ukuta wa udongo, akaanza kuubomoa kwa mikono. Mama mmoja akasema, "Balimuloga huyu." Mwingine akasema ni mapepo. Mzee mmoja akasema, "Hawa vijana wa leo ni uvivu tu." Basi wakamfunga kwenye nguzo ya nyumba mpaka asubuhi.

Alipotulia nilienda kumuona. Aliniambia maneno machache tu: "Yaya, mimi nilitaka nguvu ya kazi." Wenzake wa malori walimpa vipande vyeupe vinavyofanana na chupa iliyovunjika, wakamwambia ukivuta moshi wake utabeba magunia mpaka kesho. Wengine wanaiita aisi, yaani barafu. Jina lake la maabara ni methamfetamini.

Nimeanza kusoma, na nimekuta kitu kilichonishangaza. Lile neno la kijana wetu, "nilitaka nguvu ya kazi", ndiyo historia yenyewe ya dawa hii. Haikuanzia kwa majambazi. Ilianzia kwa wanasayansi, ikapita kwenye viwanda na majeshi, na wakati mmoja ilipewa jina lenye maana ya kupenda kazi. Tuifuate pole pole.

MMEA NA MAABARA

Huko China kuna mmea mdogo wa sehemu kavu unaoitwa mahuang. Kwa karne nyingi waganga wa kule walikuwa wanautumia kwa kikohozi na kwa mtu anayebanwa na pumzi. Mwaka 1885 mwanakemia wa Japani, Nagai Nagayoshi, ambaye alikuwa amesomea Berlin, alitoa ndani ya mmea huo kile kitu chenyewe kinachofungua pumzi. Kinaitwa efedrini. Mpaka leo efedrini na ndugu zake wamo ndani ya baadhi ya dawa za mafua.

Mwaka 1893 Nagai huyo huyo, akiendelea kuichezea efedrini maabarani, akapata kitu kipya: methamfetamini. Hakuwa anatafuta ulevi, alikuwa mtu wa sayansi tu. Mwaka 1919 Mjapani mwingine, Ogata Akira, akaitengeneza kama fuwele safi zinazoyeyuka kwenye maji. Kwa miaka mingi ikabaki kwenye vitabu vya kemia. Hakuna aliyeona ina faida gani.

Huko Marekani miaka ya 1930, binamu yake, amfetamini, ikaanza kuuzwa kwa jina la Benzedrine, kwanza kama dawa ya kuvuta puani kwa watu wenye mafua. Watu wakagundua kwamba inaondoa usingizi na kufurahisha moyo. Hapo makampuni ya nchi nyingine yakaamka.

VIDONGE VYA VITA

Mwaka 1938 kiwanda cha Temmler cha Berlin kilileta sokoni vidonge vya methamfetamini kwa jina la Pervitin. Mwanzoni ulikuwa unaingia duka la dawa na kununua bila karatasi ya daktari. Wanafunzi walimeza kabla ya mitihani, madereva walimeza kabla ya safari ya usiku. Ilionekana kama kahawa iliyoongezwa nguvu.

Daktari mmoja wa jeshi, Otto Ranke, aliijaribu kwa wanafunzi. Aliona kwamba mtu aliyemeza anakaa macho, na anajisikia hodari. Lakini kujisikia hodari siyo kuwa na akili zaidi. Kwenye kazi za kufikiri kwa undani, dawa haikuwafanya kuwa wajuzi. Hata hivyo, jeshi halikuhitaji askari mwenye kufikiri sana. Lilihitaji asiyelala.

Kati ya Aprili na Julai 1940, wakati Ujerumani inaivamia Ufaransa, jeshi la nchi kavu na la anga walipelekewa vidonge milioni 35 vya Pervitin na vya aina yake nyingine, Isophan. Milioni 35, wandugu, katika miezi minne. Vifaru vilitembea usiku na mchana. Askari mmoja kijana, Heinrich Böll, aliandika barua nyumbani akiwaomba wazazi wamtumie Pervitin. Huyo Böll baadaye akawa mwandishi mkubwa na mwaka 1972 akapata tuzo ya Nobel. Siandiki hili ili kumchafua. Nataka tuone kwamba aliyekuwa anaomba kile kidonge alikuwa kijana wa kawaida, aliyechoka, aliye mbali na kwao.

Madhara yalionekana haraka. Askari walichoka baada ya dawa kuisha kuliko walivyochoka kabla ya kumeza. Wengine moyo uliwasimama. Mwaka 1941 serikali ile ile ya Ujerumani ikaiweka Pervitin chini ya sheria ya afyuni. Lakini vita viliendelea, na vidonge viliendelea kugawiwa.

Na wasidhani wengine walikuwa wasafi. Jeshi la Uingereza na la Marekani waliwapa askari wao amfetamini. Kila upande ulikuwa na kidonge chake.

JINA LENYE MAANA YA KUPENDA KAZI

Sasa twende Japani, ambako historia hii ndiyo yenye somo kubwa kwetu.

Mwaka 1941 kampuni ya dawa ya Dainippon ilianza kuuza methamfetamini kwa jina la Philopon. Wajapani walitamka Hiropon. Jina hilo limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mtu anayependa kazi. Hapo ndipo nilipofunga kitabu kwanza, nikamkumbuka kijana wetu wa malori.

Wakati wa vita Hiropon ilipewa marubani wa kuruka usiku, walinzi, na wafanyakazi wa viwanda vya silaha waliofanya zamu mbili bila kupumzika. Kulala kulihesabiwa kama kuisaliti nchi.

Agosti 1945 Japani ikashindwa. Jaribuni kuiona nchi ile, nasi hatuhitaji kujaribu sana. Tokyo ilikuwa imechomwa: usiku mmoja tu wa Machi 1945 mabomu ya moto yaliua watu wapatao 100,000. Zaidi ya watu milioni 6, askari na raia, walikuwa wanarudishwa kutoka nchi ambazo Japani ilikuwa imezitawala, wengi bila kitu mkononi. Hesabu ya serikali ya mwaka 1948 ilikuta watoto mayatima zaidi ya 120,000. Watoto walilala kwenye stesheni za treni, wakaishi kwa kung'arisha viatu, kuokota mabaki na kuiba. Chakula kilikuwa cha mgao, na mgao haukutosha. Ambaye hakuwa na njia alienda kwenye soko la magendo.

Na kwenye soko hilo kulikuwa na Hiropon. Akiba ya jeshi ilitoka maghalani ikamwagika sokoni. Makampuni nayo hayakusimama, yaliendelea kutengeneza, na matangazo yakasema ni dawa ya kuondoa uchovu na usingizi. Kwanza vilikuwa vidonge, halafu ikaja ya sindano, ambayo inapanda haraka zaidi na inamshika mtu haraka zaidi.

Nani walitumia? Wafanyakazi wa usiku. Wanamuziki na waigizaji. Wanafunzi. Wasichana waliouza miili yao karibu na kambi za askari wa kigeni. Waandishi pia: Sakaguchi Ango, aliyesomwa sana na vijana wa wakati ule, alisema wazi kwamba anaandika kwa nguvu ya Hiropon, na mwaka 1949 ilibidi alazwe hospitalini kwa sababu ya dawa. Na mayatima wa stesheni. Njaa ilipouma, sindano moja ilikuwa rahisi kuliko sahani ya wali, na iliondoa njaa kwa siku nzima. Hiyo ni kweli ya mwili, nitaieleza hapa chini.

Serikali ilichelewa. Ilianza kuibana miaka ya 1948 na 1949, na mwaka 1951 ikatoa sheria kamili ya kukataza. Lakini kufikia hapo watu wengi walikuwa wameshashikwa. Kiwanda cha dukani kilipofungwa, vibanda vya kutengenezea vikafunguliwa uani. Mwaka 1954 peke yake polisi walikamata watu 55,664 kwa ajili ya dawa hii. Makadirio ya wakati ule yalisema watumiaji ni zaidi ya nusu milioni.

MGENI NDIYE MWENYE KOSA

Sehemu hii naomba muisome pole pole.

Wakati wa utawala wa Japani juu ya Korea, Wakorea wengi walikuwa wameingia Japani. Wengine walifuata kazi, wengine walipelekwa kwa nguvu kwenye migodi na viwanda. Vita vilipoisha walikuwa karibu milioni 2. Wengi wakarudi kwao, wapatao 600,000 wakabaki, kwa sababu kwao nako kulikuwa na njaa, na mwaka 1950 vita vikaanza kule. Mpaka hapo sheria ilikuwa inawahesabu kama raia wa dola ya Japani. Mwaka 1952, mkataba wa amani ulipoanza kufanya kazi, wakapoteza uraia huo. Mtu alilala raia akaamka mgeni, anatakiwa kutembea na kitambulisho cha mgeni kila siku.

Kazi za serikali hawakupewa. Makampuni makubwa hayakuwataka. Basi wengine wakaishi kwa kupika pombe ya kienyeji, kukusanya vyuma chakavu, na baadhi yao kutengeneza na kuuza Hiropon. Hilo lilikuwepo, tusilifiche. Lakini magazeti na wakubwa wakaligeuza kuwa jambo zima. Wakasema Hiropon ni sumu iliyoletwa na Wakorea kuwaharibu vijana wa Japani. Polisi wakavamia mitaa ya Wakorea.

Angalieni basi. Dawa iligunduliwa na Mjapani. Ikauzwa na kampuni ya Japani. Ikagawiwa na jeshi la Japani. Ikatangazwa kwenye magazeti ya Japani. Ilipoharibika, ikapewa uraia wa kigeni.

Sisi ambao tumesimama kwenye foleni na karatasi ya ukimbizi tunaijua hadithi hii bila kusimuliwa. Kijana wa mwenyeji akivuta, watu wanasema ni makundi mabaya. Kijana wetu akivuta, wanasema wakimbizi wameleta madawa. Lakini kuna upande wa pili ambao pia nataka tuukubali. Kuogopa jina baya kunatufanya tufiche. Tunasema hapana, kwetu hakuna, ni malaria, ni uchovu, ni kurogwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio chetu ni kijana aliyefungwa kwenye nguzo.

INAFANYA NINI MWILINI

Sasa tuache historia kidogo tuingie ndani ya kichwa.

Kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini. Ukila ukiwa na njaa, ukikumbatiwa na mtu umpendaye, ukifaulu mtihani, ubongo unatoa dopamini kidogo, kisha unairudisha ghalani. Hiyo ndiyo inakufundisha kwamba jambo hili ni zuri, lirudie. Methamfetamini inaingia mpaka ndani ya ghala, inaimwaga dopamini yote nje, na inageuza mlango ambao ungeirudisha ndani. Pamoja nayo inamwaga kemikali nyingine zinazouamsha mwili, zile ambazo zingekusaidia kukimbia ukikutana na simba.

Ndiyo maana moyo unakwenda mbio, damu inapanda presha, mwili unapata joto, njaa inapotea, usingizi unakimbia. Mtu anajiona shujaa. Na haitoki haraka: inachukua kama saa 10 mpaka 12 ili nusu yake tu ipungue kwenye damu. Kokeini inapungua nusu ndani ya saa moja hivi. Kwa hiyo mtu anakaa macho usiku mzima, kesho, na kesho kutwa kama ataongeza.

Halafu ghala linabaki tupu. Anaanguka. Analala siku nzima au mbili, akiamka hana furaha na kitu chochote, hata na mtoto wake. Wengine wanafikiria kujiua. Wandugu, hizi siku za kuanguka ni za hatari, mtu asiachwe peke yake. Na ni siku hizo hizo anapojua kwamba kitu kimoja tu kitamuinua haraka. Hapo mnyororo unafunga.

Akiendelea miezi na miaka:

Moyo unachoka na kutanuka. Kiharusi kinaweza kumpiga hata kijana wa miaka 25, kwa sababu mishipa ya kichwani haivumilii ile presha.

Meno yanaoza. Mdomo unakauka, anasaga meno usiku na mchana, anakunywa vitu vitamu, hapigi mswaki.

Anakonda. Ngozi ina vidonda, kwa sababu anahisi wadudu wanatembea chini ya ngozi, anajikuna mpaka damu.

Anaanza kushuku. Anasikia sauti, anaona watu wa kumkamata. Hayo ndiyo polisi wa ndani ya ukuta. Siyo uchawi. Madaktari wa Japani waliliandika jambo hili vizuri baada ya ile miaka ya Hiropon. Waliona wengi wanapona baada ya siku au wiki chache za kuacha, lakini wengine dalili zinakaa miezi, na kwa mtu aliyewahi kufika huko, dozi ndogo tu, au hata kukosa usingizi na mawazo mazito, vinaweza kuzirudisha.

Na kuna jambo ambalo tunaona haya kulisema: dawa hii inaongeza tamaa na inapunguza tahadhari. Watu wanalala pamoja bila kinga. Wanaojidunga wanapeana sindano. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini vinapita hapo.

JAPANI ILIPUNGUZA NAMNA GANI

Mwaka 1954 walikamatwa 55,664. Mwaka 1958 walikamatwa 271. Nilidhani ni kosa la chapa, nikatafuta tena, ni kweli. Ilikuwaje?

Watu wanapenda kusema ni ukali. Ukali ulikuwepo. Mwaka 1954 mtoto wa shule aliuawa Tokyo na mtu aliyekuwa mtumiaji, nchi nzima ikashtuka. Adhabu zikaongezwa mwaka ule, zikaongezwa tena 1955, na malighafi za kutengenezea zikawekwa chini ya sheria. Lakini ukali haukuwa peke yake. Sheria ya afya ya akili ilibadilishwa ili waraibu walazwe hospitalini. Wengine walilazwa kwa nguvu na kwa njia ambazo leo tusingezisifia. Walimu, akina mama na magazeti walifanya kampeni kubwa. Na jambo la nne ambalo mara nyingi linasahauliwa: kazi zilirudi. Uchumi wa Japani ulianza kupanda katikati ya miaka ya 1950. Yule yatima wa stesheni akapata kiwanda cha kumuajiri. Ukimwambia mtu aache kitu kinachomwondolea njaa, ni lazima kuwe na chakula upande wa pili.

Na haikuisha moja kwa moja. Kuanzia miaka ya 1970 makundi ya yakuza yaliirudisha kutoka nje, na miaka ya 1980 polisi walikuwa wanakamata tena zaidi ya watu 20,000 kwa mwaka. Dawa hii haifi. Inasubiri wakati watu wamechoka.

ILIVYOSOGEA KARIBU NASI

Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliingia mitaa ya Cape Town kwa jina la tik. Sehemu ya biashara ile ilikuwa ya kubadilishana: magenge ya huko yalitoa konokono wa baharini wa thamani waliovuliwa kwa wizi, wakapewa malighafi za kutengenezea dawa. Nigeria, kiwanda cha kwanza cha siri kilikamatwa mwaka 2011. Mwaka 2021, kusini mashariki mwa nchi hiyo, ambako vijana wanaiita mkpuru mmiri, kuna vijiji vilivyoamua kuwachapa watumiaji viboko hadharani. Video zilizunguka kwenye simu. Viboko havikujaza lile ghala tupu la kichwani.

Na Afghanistan, karibu na mwaka 2017, watu waligundua kwamba ule mmea wa jamii ya mahuang, ambao unaota wenyewe milimani kwao, unaweza kutumika badala ya kununua dawa za mafua. Bei ikashuka. Mzigo ukaanza kusafiri kwa majahazi kutoka pwani za Iran na Pakistani kuja pwani ya Afrika Mashariki, njia ile ile ya heroini. Kutoka pwani mizigo inafuata barabara, na barabara zina malori, na malori yana vijana wa kupakua. Mnaona tumefika wapi.

Kwa hiyo mmea aliouchungulia Nagai mwaka 1885 umezunguka dunia, umepita Berlin, Tokyo, Cape Town na Kandahar, ukafika kwa kijana wetu na ahadi ile ile: utafanya kazi bila kuchoka.

TUFANYE NINI

Siyo daktari mimi. Nitasema yale ambayo yanajulikana tu.

Kwanza, mpaka leo hakuna kidonge kilichoidhinishwa kwa ajili ya kuponya uraibu wa methamfetamini, kama methadoni ilivyo kwa heroini. Kwa hiyo mtu akikuuzia dawa ya kuacha aisi, mwogope. Kinachosaidia ni mazungumzo ya muda mrefu na mshauri anayejua, familia inayoshiriki, na njia moja iliyojaribiwa sana Marekani: mtu akipimwa na kukutwa hajatumia, anapewa zawadi ndogo papo hapo. Inaonekana kama mchezo, lakini ina akili. Ubongo ambao umesahau kufurahi unafundishwa tena kidogo kidogo.

Pili, ubongo unapona. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walipiga picha ubongo wa kundi dogo la watu walioacha. Baada ya mwaka mmoja hivi na zaidi, ile milango ya dopamini ilikuwa imerudi kwa kiasi kikubwa. Kumbukumbu na wepesi wa mwili vilikuwa bado nyuma. Maana yake ni kwamba inawezekana, na inachukua muda. Mtu wa miezi miwili akiwa hana furaha, msimwambie "si ulisema umeacha, mbona unanuna?" Hanuni. Ghala bado linajazwa.

Tatu, mtu akiwa na hofu na anaona watu ukutani: ongea pole pole, punguza watu, punguza kelele, usibishane naye kama polisi wapo au hawapo, ondoa vitu vyenye makali. Akiwa na joto kali, kifua kinauma, anadegedega, au upande mmoja wa mwili hauna nguvu, hapo ni hospitali sasa hivi, hakuna kusubiri maombi yaishe. Maombi yanaweza kuendelea njiani. Na kamba hapana. Mtu mwenye joto na moyo unaokimbia akifungwa na kupambana na kamba, anaweza kufa mikononi mwenu.

Nne, tuangalie kazi zetu. Bosi anayekutaka ubebe magunia saa 18 anajua kwamba mwili wa mtu hauwezi. Anajua pia unachotumia. Ukiona kazi haiwezekani bila dawa, kosa ni la kazi ile.

Kijana wetu sasa yuko kwa mama yake. Analala sana, anakula kidogo, haongei. Wiki iliyopita aliniuliza kama watu bado wanamsema, nikamwambia ndiyo, wanamsema. Sikutaka kumdanganya. Halafu nikamsomea ile sehemu ya Hiropon, ya kupenda kazi. Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile. Akasema, "Kumbe hata wazungu na Wajapani?" Nikamwambia, hata wao.

Jioni ndiyo mbaya kwake, kuanzia saa 1 mpaka saa 4, saa zile alizokuwa anaondoka kwenda kwenye malori. Watu watatu tumegawana siku za kukaa naye. Jumanne na Jumamosi bado hazina mtu. Anayeweza aniambie. Haihitaji elimu, ni kukaa tu, kucheza karata, kunywa chai.